Mafundi mnaobahatisha kapasita kwenye amplifaya za valvu, mtaua mtu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 60, amplifaya ya gitaa inayotumia valvu, zile taa za kioo za zamani. Aliniachia baba mdogo, aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi hapa Dar tangu mimi sijazaliwa. Mwaka huu ikaanza kunguruma. Mngurumo mzito, upo hata volyumu ikiwa sifuri, na ukipiga noti za juu kuna sauti nyingine inaifuata kwa chini kama kivuli. Anayezijua mashine hizi hapo hapo anajua kapasita za kuchuja umeme, vile vikopo vinavyohifadhi chaji, zimekauka. Yale majimaji ya ndani hayawezi kudumu miaka 50. Zipo tano, zimefunikwa na kibati, kila moja ya maikrofaradi 16 (ndiyo kipimo cha chaji inayohifadhi), na inavumilia hadi volti 450.

Nikampelekea fundi. Nikamwandikia kila kitu kwenye karatasi. "Kaka, hiyo kazi ya asubuhi tu." Akakaa nayo siku tisa.

Nikaiwasha nyumbani. Haikumaliza dakika kumi, ikanyamaza, chumba kizima harufu ya kuungua. Nikachomoa, nikasubiri, nikafungua.

Pale mwanzo panapokaa kapasita mbili kwa pamoja, yaani maikrofaradi 32, kaweka moja ya 220, volti 400. Imetolewa kwenye televisheni mbovu, gundi ya zamani bado imeganda pembeni, miguu mifupi imeungwa kwa vipande vya waya. Volti 400! Transfoma ya mashine hii inatoa kama volti 330 kila upande. Zidisha kwa 1.4 uone. Bila mzigo unakaribia 465, na hata ikiwa inapiga, mita yangu ilikuwa inasoma 418. Hiyo kapasita ilikuwa inasubiri kupasuka tu.

Na hiyo 220 haina madhara ya volti peke yake. Umeme mkubwa wa Deluxe Reverb hii haugeuzwi kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, kwa dayodi za kawaida, unageuzwa kwa valvu, GZ34. Watengenezaji wa valvu hiyo waliandika kabisa kwamba kapasita ya kwanza isizidi maikrofaradi 60. Ukiweka 220, kila ukiwasha inavuta umeme kwa pupa na valvu ndiyo inayoumia. Yangu imekufa.

Lakini kilichonitoa machozi ni fyuzi. Inatakiwa ya ampea 2. Nimeikuta imezungushiwa waya wa shaba, nyuzi tatu nne zimesokotwa, zimebanwa pale pale kwenye kishikio chake. Maana yake ilikatika mikononi mwake. Aliiona. Badala ya kujiuliza kwa nini imekatika, akaifunga mdomo na kunikabidhi mashine niipeleke chumba wanacholala wanangu.

Halafu kang'oa zile kapasita ndogo za bluu za njia ya sauti. Zile hazina majimaji, hazikauki. Unapima kama zinavujisha umeme wa DC, kama hazivujishi unaziacha. Nani alimtuma?

Siku niliyokwenda kuulizia nilimkuta kijana anayejifunza kwake anagusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili zitoe cheche, eti ndiyo kuzimaliza umeme. Mashine imechomolewa, ndiyo, lakini ndani zimebaki volti mia nne zinazoweza kumsimamisha moyo. Chukua rezista ya kilo-ohm 100, wati 5, iunge kwenye miguu ya kapasita kwa waya wenye plastiki, subiri, kisha upime kwa mita mpaka usome karibu na sifuri. Na ukimaliza kazi, mara ya kwanza washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye mashine. Ikiwaka sana na isififie, kuna kosa, zima. Balbu ya shilingi ngapi hiyo?

Nimempigia. Anasema, "Mashine yako ya zamani sana kaka, hizo hazina maisha." Ilikuwa na maisha yake yote mpaka ilipofika kwenye meza yako! Kama huna kapasita ya volti 450, sema huna. Ningeagiza nje, ningesubiri hata miezi miwili.

Nataka hela yangu ya ufundi. Nataka na zile kapasita za bluu, hata kama ziko kwenye pipa la takataka akaziokote. Na kama kuna fundi hapa Dar anayezijua valvu kweli, aniambie, nitaileta mwenyewe na nitakaa pembeni yake mpaka amalize.