Tupeane uzoefu: uliugua ukiwa unauguza, ulifanyaje?

Mkazamwana wa Shinyalu
Habari zenu. Mama mkwe wangu alipata kiharusi 2021, upande wa kulia ukaenda. Maneno hayatoki vizuri ila akili iko sawa, na macho yake husema yote, hasa chai ikichelewa. Mimi ndiye namwogesha, namlisha na kumgeuza usiku. Mume wangu yuko Nairobi, mawifi wameolewa mbali, watoto wako shule za bweni.

Sasa mimi mwenyewe nina faibroidi. Damu ya kila mwezi imenimaliza hadi nikaongezwa damu, na daktari huku Kakamega amesema kizazi kitolewe. Baada ya hapo wiki sita nisiinue kitu kizito. Nilicheka palepale mbele yake. Tarehe ya kwanza niliahirisha, nikaahirisha tena.

Naomba kusikia kutoka kwa waliougua huku wanauguza. Mlifanyaje kwa vitendo? Maombi nashukuru, ninayo.

Binti wa Lanet
Pole sana dada. Mamangu figo zimekataa, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Nakuru. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya dawa zake macho yakaingia giza. Nesi aliyenidaka akanipima presha: 186 kwa 112. Mama alipoambiwa alicheka sana, akasema mgonjwa wa nyumba hii amebadilishwa.

Presha haikuwa imeniuma popote. Nilidhani ni usingizi tu, kwa sababu mwenye mgonjwa akichoka nani anashangaa?

Kilichonisaidia ni hiki. Mashine ya mama huchukua kama saa nne. Wengi tunakaa kwenye benchi nje tukiangalia simu. Niliomba kliniki yangu ya presha iwe siku hiyohiyo, hospitali hiyohiyo, kwa hiyo yeye akiwa kwenye mashine mimi niko foleni yangu. Nauli ni moja. Usiku simu ikilia ya dawa zake, na mimi nameza yangu. Walio na mgonjwa wa kliniki za mara kwa mara jaribuni kuuliza. Kuna wanaokataa, kuna wanaokubali, lakini hawawezi kukubali kitu hujaomba.

Kijana wa Ahero
Mimi ni kitinda mimba, hivyo mzee aliachiwa mimi. Ana ugonjwa wa kusahau. Mwaka jana nikaanza kukohoa, jasho usiku, suruali ikaanza kunishuka. Nikasema ni vumbi la mpunga. Mhudumu wa afya ya jamii aliyekuja kumwona mzee ndiye aliniambia nipeleke makohozi, na ikawa TB.

Hapo ugonjwa wangu haukuwa wangu peke yangu, kwa sababu mzee nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Wote nyumbani tulipimwa. Yeye hakuwa nayo, nashukuru. Watoto wa kaka walianzishiwa dawa za kukinga. Mimi nilirudi kulala kwenye simba yangu, ile nyumba ndogo ya kijana bomani, binamu akahamia kwa mzee zile wiki za mwanzo, madirisha wazi mchana kutwa, na mimi barakoa kila nikiingia. Kila asubuhi mzee ananiuliza, "Wewe, umeziba mdomo, umeiba nini?" Naeleza. Kesho anauliza tena.

Usiku hutoka akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Tulifunga kengele ya mbuzi mlangoni ili binamu asikie. Dawa za TB ni bure, miezi sita, na miwili ya kwanza ndiyo yenye vidonge vingi. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, msishtuke. Ukiona umepata nafuu mwezi wa pili usiache, endelea hadi mwisho.

Nilichojua ni kwamba binamu alikuwa anaweza muda wote huo. Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi.

Mzee wa Mbale
Mkazamwana, mawifi "wameolewa mbali" ni wapi? Webuye si Ulaya.

Nimeuguza mke wangu hadi mwisho, kwa hiyo sisemi kutoka pembeni. Ndugu wanaotuma pesa wanadhani wamemaliza. Pesa ya M-Pesa haimgeuzi mgonjwa saa nane usiku. Ukiita kikao usiseme unaomba msaada, watakupa pole na mia tano. Weka siku mezani: nalazwa tarehe hii, wiki sita nitakuwa nje ya kazi, wiki ya kwanza ni nani, ya pili ni nani. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu mtu wa kwanza kuongea atakuwa wewe ukisema "basi nitajaribu".

Bwana Kanduyi
Mzee kwa heshima, mkazamwana ndiye mwenye boma. Dada aliyeolewa akiacha nyumba yake wiki mbili, huko kwake nani anabaki?

Mzee wa Mbale
Mumewe. Ana mikono miwili, nimewahi kuiona.

Mhudumu wa jamii, Bungoma
Nimesoma zote. Natembelea nyumba zenye wagonjwa kama huyu mama, na kitu ninachokiona ni kwamba tunatafuta mtu mwingine siku ambayo mlezi ameanguka. Mtu mgeni akiingia siku hiyo mgonjwa hukataa kula, akilowa anaona aibu kusema, na ndani ya siku chache ngozi imeanza kuwa nyekundu. Atakayekushika nafasi aje kabla, mkae naye, amgeuze wewe ukiwa umesimama hapo.

Mfundishe haya. Kumgeuza ni kila saa mbili, usiku pia. Kila mara aangalie visigino, nyonga na pale chini ya mgongo. Ngozi ikiwa nyekundu na ukibonyeza haigeuki rangi, hapo pasilaliwe tena hadi paponee, na asipasugue. Asimwinue kwa makwapa, hasa bega la upande uliopooza, linaweza kuteguka. Kunja shuka mara mbili chini yake kutoka mabega hadi mapaja, watu wawili mvute shuka, si mtu. Kitanda cha chini ndicho kinachotuvunja migongo, kiinueni.

Kula: akae wima kabisa, abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Kama hukohoa akinywa maji au chai nyepesi, huenda inapita njia ya hewa, mwambie anayempima pale kliniki. Uji mzito kidogo huwa salama kuliko maji. Haya mambo wewe unayajua kwa mkono, hujawahi kuyasema kwa mdomo. Andika kwenye daftari: dawa gani, saa ngapi, kijiko gani, anapenda kulala akitazama mlango au ukuta.

Na Mkazamwana, faibroidi zinazotoa damu hadi uongezwe haziwezi kungoja mama mkwe apone. Nakuambia kama dada.

Mama Nyalenda
Mimi sina habari nzuri, lakini mlisema uzoefu.

Kijana wangu ana ulemavu wa ubongo tangu kuzaliwa. Akiwa mdogo nilimbeba mgongoni hadi sokoni Kibuye. Sasa ameota ndevu, ana kilo karibu na zangu, na mgongo wangu umeachia. Diski imesukuma neva, mguu wa kushoto unawaka moto hadi kidole. Niliambiwa nipumzike na nifanye mazoezi ya fiziotherapi.

Dada yangu alimchukua nikakubali. Alirudi amekonda na kidonda kwenye nyonga. Sikumwambia kitu dada, kwa sababu bila yeye singetembea leo, na najua alijaribu. Lakini tangu hapo sijamwachia mtu. Fiziotherapi naenda nikipata jirani wa kukaa naye saa moja, nisipopata siendi.

Msomaji akiniambia nijipende kwanza, tafadhali aje Nyalenda amwinue huyu kijana ndiyo tuongee.

Mhudumu wa jamii, Bungoma
Mama, pole. Hukukosea kumpeleka na dada hakukosea kumpokea. Muulize fiziotherapi akufundishe kumhamisha kwa ubao wa kutelezesha kati ya kitanda na kiti, fundi wa mbao anaweza kuutengeneza na kuupiga msasa vizuri. Na siku nyingine aende kwa dada mchana mmoja tu, wewe ukiwepo.

Mama Nyalenda
Ubao sijawahi kuambiwa. Nitauliza.

Mkazamwana wa Shinyalu
Nimesoma zote jana usiku nikimgeuza mama. Asanteni. Nimempigia wifi wa Webuye na sikusema "msaada". Alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Mzee wa Mbale, ilikuwa dakika ndefu sana. Anakuja Jumapili kujifunza.

Mume wangu amesema atachukua likizo wiki mbili. Shida ni kuoga. Kwetu mtoto wa kiume hawezi kumwona mamake uchi, na mama mwenyewe hatakubali, nimemuuliza amefumba macho. Likizo ya shule mtoto wangu wa kiume atakuwa nyumbani, ana miaka kumi na saba, lakini sijui.

Mzee wa Mbale
Mjukuu ni ruhusa. Marehemu mamangu aliogeshwa na mjukuu wa kiume, akawa anamwita "bwanangu" na kumlalamikia kwamba maji ya moto hayatoshi na mahari hajalipa. Kijana alicheka hadi akamaliza. Mume wako achukue zamu ya kulisha na ya usiku, mjukuu na wifi wachukue maji. Mwambie kukhu, nyanya wa kijana, akiwa peke yake, atakubali.

Binti wa Lanet
Jambo moja kabla hujalazwa: angalia SHA yako, ile bima ya afya ya serikali. Kujiandikisha si kulipa. Zahanati unatibiwa ukiwa umejiandikisha tu, lakini upasuaji unahitaji michango iwe imelipwa, na tusio na mshahara tunalipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Tumekaa foleni na watu waliojua hilo siku ya kulazwa. Mama mkwe naye hayuko ndani ya kadi yako, hiyo ni yako, mumeo na watoto. Yeye anajiandikisha kivyake.

Mkazamwana wa Shinyalu
Sikujua. Naenda kuangalia kesho. Na kitanda, mnakiinua kwa kitu gani? Tofali za udongo zitabeba?

Kijana wa Ahero
Za udongo hupasuka, mzee alishuka upande mmoja usiku. Tumia bloku za saruji, moja kila mguu, ilazwe kwa ubapa. Kata kipande cha tairi kuukuu uweke juu ya bloku ili mguu wa kitanda usiteleze. Kiwe juu kiasi cha kufika kiunoni mwa wifi, si chako, kwa sababu ndiye atakayekuwa anainama. Mpime Jumapili akija.