Kijana wangu yuko Texas, ataka kula armadilo. Kweli huyu mnyama ana ukoma?

MamaSwaumu, Kisauni
Assalaam alaikum jamani. Kijana wangu yuko Marekani, jimbo la Texas, kazi yake malori. Jana usiku katuma video: mnyama kavaa ngao mgongo mzima, pua ndefu, masikio kama ya punda, yuafukua nyasi kando ya barabara. Aitwa armadilo. Wenzake kazini wamemwambia nyama yake tamu, na Jumamosi watachoma mmoja. Mie kumwona tu nikasema, huyu si kakakuona? Binti yangu naye kazidisha, eti mnyama huyu huambukiza ukoma. Sikulala. Nataka mtu anieleze, si mtu wa kunitisha. Na jengine: kijana asema huwakuta wengi wamekufa barabarani. Mnyama mwenye ngao vile hufa vipi kirahisi hivyo?

Kijana_wa_Tudor
Mama, huyo ndiye ajikunjaye akawa mpira. Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil ndiye alikuwa kikaragosi, Fuleco. Gari likija hujikunja pale pale katikati ya lami. Kwisha.

Baharia_Mstaafu, Likoni
Waalaikum salaam mama. Fuleco ni kweli, lakini yule ni wa mikanda mitatu, yaani mikunjo ya ngao mgongoni. Kuna aina ishirini na kitu za armadilo, na wanaojikunja mpira kamili ni aina mbili tu, wote wa Amerika Kusini. Wa Texas ni wa mikanda tisa. Huyo hajikunji.

Mie nimemwona. Meli yetu ilikuwa Houston, jioni nikatoka kunyoosha miguu nje ya ua wa bandari. Nikasikia kitu chakoroma kwenye nyasi. Pua yote imezama ardhini, makucha yafukua, kila akipata mdudu atafuna haraka haraka, kisha hatua mbili, afukua tena. Alinijia mpaka karibu na kiatu changu wala hana habari, maana macho yake mabovu, kazi yote yafanywa na pua. Nilikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ulipochakarika tu, akaruka juu wima, karibu kiunoni kwangu, akatua akikimbia na kupotelea vichakani. Nilishtuka kuliko yeye.

Mama, hapo ndipo jibu la barabarani. Kuruka vile humshtua mbwa-mwitu wa kule, naye apata nafasi ya kukimbia. Kwa gari ni balaa. Pengine lingempitia juu bila kumgusa, kwa kuwa ni mfupi, lakini yeye aruka na kujigonga chini ya injini.

Kakakuona si ndugu yake. Magamba ya kakakuona ni kitu kile kile cha kucha zetu, na hana jino hata moja. Ngao ya armadilo ni vibao vya mfupa vilivyofunikwa ngozi ngumu, na meno anayo, madogo ya kusagia wadudu. Jamaa zake ni wale wanyama wavivu waning'iniao mitini Amerika Kusini. Afrika hatunaye porini. Kakakuona tunaye, na kumwinda hapa Kenya ni kesi, kwa hivyo tusije tukawachanganya tukapelekana mahakamani.

Ukoma sasa. Ni kweli, mama. Vijidudu vya ukoma hupenda mwili wenye ubaridi kidogo, na joto la armadilo ni kama digrii 32 hadi 35, chini kuliko letu. Tangu 1971 wanasayansi wamemtumia kuuchunguza ugonjwa huu, maana vijidudu vyake havikubali kuoteshwa kwenye vyombo vya maabara. Mwaka 2011 ikachapishwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa kusini mwa Marekani wana vijidudu vya ukoo ule ule ulio kwa armadilo wa huko. Hatari kubwa ni kumchuna na kushika damu na nyama mbichi. Mwambie asimshike, asimchune, na Jumamosi apeleke kuku wake. La halali na haramu waulize masheikh, mie baharia tu.

Muuguzi_wa_Kwale
Niongeze kidogo. Watu wengi sana miili yao huushinda ukoma wenyewe, kwa hiyo mama usilie. Ugonjwa huu huenda polepole, dalili zaweza kuchukua miaka. Kinachotafutwa ni doa lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba halihisi. Unatibika kabisa kwa vidonge vya miezi sita hadi mwaka, na ukiwahi mapema vidole havipotei. Msambweni tumeishi na wagonjwa hawa miaka mingi na ninawahudumia bila hofu. Tatizo ni wale wanaojificha kwa aibu.

MamaSwaumu, Kisauni
Ami, muuguzi, Mungu awalipe. Nimempigia. Asema hakumgusa, video aliichukua akiwa ndani ya lori, na nyama amewaachia wenyewe. Kisha akanitumia picha nyengine, vitoto vinne vyafanana mpaka makucha! Na ataka kujua, mnyama mzito vile huvuka mito vipi?

Baharia_Mstaafu, Likoni
Vinne ni kawaida yake. Yai moja la mama hugawanyika manne, hivyo ni pacha halisi, wote wa kike au wote wa kiume. Na lile yai hukaa miezi kadhaa tumboni bila kujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, mpaka wakati wake ufike.

Mtoni ana njia mbili. Mto mdogo, hubana pumzi akatembea chini kabisa, kwenye matope, aweza kukaa hata dakika sita. Mto mpana, humeza hewa, tumbo na utumbo vikajaa, akaelea na kupiga miguu mpaka ng'ambo.

Kijana_wa_Tudor
Dakika sita? Huyo angekuja Likoni asingehitaji feri.