Acheni kumuita Krishna Iyer kibaraka wa Indira, someni kwanza!

Wakuu, nimechoka. Kila tukigusa majaji wa India lazima atokee mjuaji aseme V. R. Krishna Iyer, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya India, ni yule mwanasiasa wa jimbo la Kerala aliyembeba waziri mkuu Indira Gandhi. Laiki zinamiminika, na hakuna aliyejisumbua kusoma amri yenyewe ya Juni 24, 1975.

Haya. Juni 12 Mahakama Kuu ya Allahabad ilimvua Indira ubunge kwa makosa ya uchaguzi. Akakimbilia Mahakama ya Juu, majaji wako likizo, wa zamu ni Iyer. Wakili wa Indira, Nani Palkhivala, akaomba hukumu isimamishwe bila masharti. Akanyimwa! Indira abaki waziri mkuu, bungeni aingie na kuongea, ila kura ya mbunge asipige na mshahara wa ubunge asiguse. Kesho yake usiku serikali ya Indira ikatangaza hali ya hatari nchi nzima. Sasa aliyebebwa, hali ya hatari ya nini?

Eti mwanasiasa hafai kuwa jaji. Mwanasiasa alikuwa kweli, wala hakuficha. Mwaka 1948, akiwa wakili kule Malabar, kaskazini mwa Kerala ya leo, aliwekwa ndani mwezi mzima kwa tuhuma za kuwasaidia wakomunisti. Mwaka 1957 akawa waziri katika serikali ya kikomunisti ya Kerala chini ya E. M. S. Namboodiripad, magereza yakiwa chini yake. Alipoteuliwa Mahakama ya Juu 1973, mawakili wa Bombay walipiga kelele hizi hizi zenu.

Mwaka 1978 ikafika kesi ya Moti Ram, fundi mwashi wa Madhya Pradesh. Mahakama ya Juu ilishampa dhamana, lakini hakimu wa chini akadai mdhamini wa rupia 10,000. Fundi mwashi huyo! Kaka yake akajitokeza, akakataliwa kwa kuwa yeye na mali zake wako wilaya nyingine. Iyer aliwaka, akaamuru aachiwe kwa bondi yake mwenyewe ya rupia 1,000. Kisha ikaja barua ya Sunil Batra, mfungwa wa gereza la Tihar, Delhi, aliyehukumiwa kifo: askari wa gereza anamtesa mfungwa mwenzake ili awakamue hela ndugu zake. Barua tupu, na ikapokelewa kama ombi rasmi la kesi. Mnadhani jaji asiyewahi kulala ndani angehangaika nayo?

Mkitaka kumkosoa, ipo barua yake ya 2013 ya kumsifu Narendra Modi, mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka uliofuata, umri ukikaribia miaka mia. Hapo simtetei.

Ila leo karibu watu watatu kati ya wanne kwenye magereza ya India ni mahabusu, kesi zao hazijaisha, na wapo wanaosota kwa kukosa mdhamini tu. Hukumu ya Moti Ram inanukuliwa kila siku, kuitekeleza ndiyo shughuli. Hilo hamligusi!

Mwenye kipande cha ile amri kinachoonyesha Indira alibebwa akibandike hapa tukisome. Hadithi za vijiweni sizijibu.