Naomba ushauri: kuvuka reli kwa baiskeli hapa Dodoma

Habari zenu wakuu. Kila alfajiri napeleka nyanya soko la Majengo kwa baiskeli, na lazima nivuke reli ya zamani. Juzi mvua ikinyesha, tairi la mbele lilizama kwenye upenyo kando ya chuma. Nilianguka, tenga likamwagika, goti bado linauma.

Jirani anasema nishuke nikokote. Wengine wanasema nivuke kwa kunyooka, nisikate mshazari. Sawa, ila nyuma bodaboda na bajaji wanapiga honi!

SGR, reli mpya ya kisasa iliyofika 2024, naifurahia, ina uzio na madaraja. Hii ya zamani ndiyo tunayoikanyaga.

Tairi pana litasaidia? Na wakazi tukitaka njia ya baiskeli, tuanze kwa mwenyekiti wa mtaa au twende jiji moja kwa moja?