Kasi ya kimondo kwa rada: mbona napata mita 40 kwa sekunde?

jicho_rongai: Habari wadau. Nachambua data ya rada ya megahezi 30, mapigo 500 kwa sekunde, usiku wa Desemba 14. Kuna mwangwi safi wa saa tatu usiku, umbali kilomita 100. Doppler (badiliko la masafa ya mwangwi kutokana na mwendo) ni hezi 8 tu, yaani mita 40 kwa sekunde. Nimekosea wapi?

fundi_mawimbi: Hesabu ni sawa, ila umepima upepo! Kimondo kilishapita. Kinachorudisha wimbi ni mkia wa elektroni, nao unapeperushwa na upepo wa huko juu. Kimondo hakiingii kwa chini ya kilomita 11 kwa sekunde.

Achana na Doppler, chora grafu ya nguvu ya mwangwi. Inapanda ghafla, kisha inapanda na kushuka kwa vilele vinavyozidi kukaribiana. Hivyo ni vilele vya Fresnel: mawimbi yanayorudi kutoka sehemu mbalimbali za mkia hujumlishana na kufutana. Zidisha umbali kwa urefu wa wimbi (mita 100,000 × 10), tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 2: mita 500. Mara 1.128 (namba isiyobadilika ya vilele viwili vya kwanza) ni mita 564, ndiyo safari ya kimondo kutoka kilele cha kwanza hadi cha pili. Wewe soma muda tu.

jicho_rongai: Milisekunde 16.

fundi_mawimbi: Basi ni kilomita 35 na ushei kwa sekunde. Geminidi huyo, wa ile mvua ya vimondo ya kila Desemba.

mama_antena: Polepole kwanza. Sampuli zako zinapishana milisekunde 2, kwa hiyo hiyo 16 yaweza kuwa 15 au 17, na jibu likacheza kati ya 33 na 38. Pima pia kilele cha pili hadi cha tatu: lazima iwe kama 0.65 ya muda wa kwanza, milisekunde 10 na nusu hivi. Isipokubali, huenda kimondo kilimeguka na vipande vikavuruga vilele. Kitupe.

Ukiongeza mapigo yafike 1,000, pigo jipya litaondoka kabla mwangwi wa zaidi ya kilomita 150 haujarudi, nao utajitokeza kama wa karibu: wa 200 utausoma 50, na umbali unaingia kwenye hesabu ya kasi. Hili litakuuma usiku wa manane. Hapa Nairobi sehemu ya anga wanakotokea Geminidi hufika juu kabisa, upande wa kaskazini, kama saa nane na nusu. Rada huona mkia uliokaa mkingamo kwake, kwa hiyo saa hiyo miangwi yao hutoka kusini, mingi kilomita 170 au zaidi. Mapigo 800 yanafika kilomita 187 bila mkanganyiko huo.

jicho_rongai: Kilele cha pili hadi cha tatu: milisekunde 10. Asante mama.