Wikendi ya wapiga rekoda: nibebe alto au tenor? Na je, niingie kundi la waongozaji?

Karanga_Mbichi: Habari wadau. Niko Uingereza huku, kuna wikendi ya wapiga rekoda (zile filimbi za kupuliza wima, kuanzia ndogo soprano, kisha alto, tenor mpaka besi) wa kujifurahisha tu, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Fomu inauliza utakuja na rekoda ipi na kama unataka kipindi cha kuongoza. Nina soprano ya plastiki ya mwanangu, hela ya kuongeza moja ipo. Kwaya nimeongoza kanisani miaka mingi tu, hivyo kupunga mikono sio shida. Mnasemaje?

sauti_ya_pili: Soprano iache nyumbani dada, kila mtu anayo, na zikipiga thelathini noti za juu ukumbi mmoja utatafuta mlango. Chukua tenor, vidole ni vilevile ila inaimba oktavu moja chini, ikifika leo leo unapiga. Alto ukiziba matundu yote inatoa F badala ya C, unaanza upya.

MzeeWaBesi: Napinga. Tenor matundu yako mbalimbali, kama una mikono midogo kidole cha mwisho kitakoma, na bei yake ya plastiki inaizidi alto mbali sana. Halafu sonata za rekoda za mtunzi Handel ni za alto. Ukishazoea vidole vya F besi nayo umeipata, kilichobaki ni kusoma noti zake tu, na mpiga besi hata akikosea anabembelezwa arudi 😂

tichaNai: Hiyo ya mtoto iangalie kwanza. Huku Kenya tangu mtaala wa CBC utuletee rekoda darasani mzazi ananunua yoyote, unakuta za Kijerumani na za baroki (aina mbili, vidole vyake vinatofautiana kidogo) zimechanganyika. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu: la tano likiwa dogo kuliko la nne ni ya Kijerumani. F yake rahisi, lakini F kali (F#) inasumbua, na wimbo ukiwa kwenye G, ambayo ina hiyo F kali, utawaudhi majirani.

Karanga_Mbichi: Duh, la tano ni dogo kweli. Inabaki nyumbani. Na kuongoza je?

mwl_kwaya_Moro: Hapo ndo pagumu shemeji. Kwaya ukiinua mikono watu wanafunguka, sauti inajaa. Rekoda ukiomba nguvu wanapuliza zaidi na toni inapanda, ukiomba taratibu inashuka, na wote hawapandi sawa, kwa hiyo unapata fujo. Ukitaka sauti ndogo unanyamazisha nusu ya watu, ukitaka uzito unacheza na ulimi, noti fupi au ndefu. Ukumbi nao ukipata joto toni zinapanda zenyewe, baada ya chai lazima mtune upya. Kwa maoni yangu safari hii nenda kama mpigaji, kaa katikati, mwangalie anayeongoza anavyovuta pumzi kabla ya pigo la kwanza.

MzeeWaBesi: Naunga mkono. Society of Recorder Players, chama cha wapiga rekoda, ipo huko tangu 1937, ina matawi miji mingi, kuongoza utajifunzia kwenye tawi, watu wachache, wikendi utapewa labda wimbo mmoja tu na hofu juu.

Karanga_Mbichi: Basi alto, ya baroki. Kipindi cha kuongoza naenda kusikiliza tu.

sauti_ya_pili: Haya nimeshindwa 😅 Ikiziba mate, tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, pitisha kwenye njia ya hewa ya mdomo wa rekoda, iache ikauke. Na beba stendi yako ya noti.