MJADALA: Kila ufukwe uwe na njia ya raia, hata ikipita kwenye viwanja vya watu?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila sikukuu ikikaribia watu huanza kuulizana bichi gani nzuri ya kwenda, na majina yanayotajwa ni yale yale: Nungwi, Kendwa, Paje, Coco, Kigamboni, kisiwa cha Mbudya. Yote nayapenda. Ila kabla ya kubishania uzuri kuna swali ambalo naona tunalikwepa. Je, Tanzania iweke sharti kwamba kila ufukwe uwe na njia ya wazi ya raia kushukia majini, hata pale ambapo njia hiyo italazimika kupita kati ya mahoteli na majumba ya watu? Mimi nasema ndiyo. Wanaopinga waje, nawasikiliza.

Tuangalie kwanza tulichonacho. Anzia Jasini mpakani na Kenya, shuka hadi Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma. Pangani kuna Ushongo, minazi na mchanga mrefu, unapanda ngalawa kwenda fungu la mchanga la Maziwe. Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, wanyama wa porini wanaishi jirani na bahari. Kilwa Masoko kuna Jimbizi, na magofu ya Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, yako ng'ambo tu ya maji. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na msimu wa kaskazi papa potwe hukaribia Kilindoni kiasi kwamba wavuvi wanawaona mara kwa mara. Msimbati yenyewe iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, na bado wengi wetu hatujawahi hata kuisikia.

Sehemu kubwa ya huko hakuna geti. Unaingia kijijini, unaamkia wazee, unapita uchochoro kati ya nyumba mbili na bahari hiyo mbele yako. Njia haijaandikwa popote, lakini kila mtu anajua ni njia.

Sasa rudi Dar es Salaam. Nenda Mbezi Beach siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yakipwa utatembea mbele ya zile kuta utakavyo: mchanga mgumu, watoto wanapiga mpira, wavuvi wanakagua nyavu. Subiri muda wa kama saa sita. Bahari inarudi mpaka inagonga zege, povu linaruka juu ya ukuta, na aliyekuwa anatembea pale anajikuta kabanwa kati ya maji na ukuta usio na ngazi wala mlango. Mwenye nyumba hakumpora mtu ufukwe kwa karatasi. Ila kwa saa kadhaa, mchana na usiku, ufukwe huo haupo kwa mtu yeyote asiye na ufunguo wa geti la barabarani.

Kuna watakaosema sheria tunayo, mita 60. Naomba tuisome vizuri. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za pwani miongoni mwa ardhi hatarishi. Ni vifungu vizuri, ila vinalinda ukingo. Havimpi mama wa Tandale pa kupitia. Mtu anaweza kuacha mita 60 mbele yake zote, kisha akazungushia uzio kuanzia barabarani, na hiyo nafasi aliyoiacha ikawa bustani yake.

Matokeo yake tunayaona Coco Beach kila Jumapili. Watu wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto, wanabadilisha daladala, wengine na watoto mgongoni, kwa sababu pale mtu anashuka bila kuulizwa anamfuata nani. Unanunua mihogo ya kukaanga, muuzaji anaipasua katikati, anamwagia kachumbari na pilipili, unakula umesimama huku upepo ukikupiga. Nimeona familia ya watu saba wakila sahani mbili za mihogo na wakafurahi mpaka jua likazama. Wangeambiwa walipe kiingilio cha kila kichwa, wasingetoka nyumbani.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mtaa au kijiji kinachogusa bahari kiwe na njia za miguu zilizochorwa kwenye ramani ya mipango miji, zenye kibao, na kiwanja kipya kisimilikishwe kabla njia hazijapimwa. Palipokwisha kuzibwa, manispaa ikae na wenye viwanja, walipwe fidia ya kipande, njia ifunguliwe.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Kigamboni

Mkuu mleta mada, mimi nafanya kazi hotelini huku Kigamboni, kitengo cha bustani na ufukwe. Saa kumi na moja alfajiri niko mchangani na reki. Nazoa chupa, nepi, vipande vya nyavu, malapa. Anayelipa kazi hiyo ni hoteli. Ufukwe wa wazi kilomita chache kutoka kwetu hauna reki wala wa kuishika, ukienda Jumatatu unaona aibu.

Halafu usalama. Tumeshapata kesi za wageni kuporwa simu na vijana wanaotokea pembeni. Njia ikipita kando ya ukuta wetu, saa nne usiku nani atailinda? Hoteli ikikosa wageni, mimi na wenzangu tunarudi nyumbani. Kiingilio unachokilalamikia ndiyo mshahara wangu.

Mleta mada

Ndugu yangu, nakuheshimu kwa kazi hiyo, na ungelipwa na serikali ningefurahi zaidi. Lakini taka unazozoa alfajiri nyingi hazikuletwa na waogeleaji. Masika yakianza, mito ya Msimbazi na Mlalakuwa inashusha chupa za mji mzima baharini, na bahari inazigawa bila kuangalia nani kalipa kiingilio. Kufunga njia hakupunguzi hata chupa moja kati ya hizo.

Kuhusu usiku nakubaliana nawe kabisa. Njia iwe na saa zake, ifunguliwe alfajiri wavuvi wapite, ifungwe giza likiingia. Soko linafungwa usiku na hatusemi si la umma. Na hoteli iendelee kutoza viti, miavuli, bwawa na chakula, hiyo ni huduma yake na wapo watakaoilipia. Ninachokataa ni kumlipisha mtu kwa kuitia miguu yake baharini.

Mchangiaji wa Jambiani

Assalaam alaykum. Nawasoma na naona mnazungumzia kuogelea na mihogo. Mimi nalima mwani, kama mama yangu. Huku mashariki ya Unguja kilimo hiki kilianza 1989, Paje na Jambiani, na wengi wetu ni wanawake. Sie kwenda pwani ni kwenda kazini. Maji yakitoka tunakwenda mbali mpaka kwenye vigingi na kamba zetu, tunafunga, tunavuna, tunarudi na viroba vinatiririka maji. Kiroba cha mwani mbichi kichwani hakikubali kuzunguka ukuta wa hoteli.

Kwa hiyo njia nazitaka, lakini zifike upana wa mkokoteni, na juu yake paachwe pahala pa kuanikia. Njia bila uwanja wa kuanika ni nusu ya msaada. Na jengine: upepo ukiwa mzuri wachezaji wa kaiti wanakatiza juu ya mashamba yetu kama hakuna mtu. Mkitengeneza kanuni, andikeni na hilo. Wageni nao wakipita kijijini wajistiri, si kila njia ya pwani ni ya nguo za kuogea.

Mleta mada

Dada, shukrani. Nilipoandika raia nilikuwa nawaza mtu wa Jumapili, na wewe unakwenda kule kutafuta riziki. Naongeza kwenye pendekezo: pale penye diko la wavuvi au mashamba ya mwani, njia ipimwe kwa mahitaji ya kazi, na sehemu ya kuanika itengwe humo humo. Upana wa mkokoteni hauna mjadala.

Mchangiaji wa Mombasa

Majirani, nawapa la kwetu. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 62, yasema ardhi yote iliyoko kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Imeandikwa vizuri kabisa. Sasa njoo Diani. Ukishakuwa mchangani hakuna wa kukuondoa, waweza kutembea mpaka uchoke. Kazi ni kufika hapo mchangani, kwa kuwa toka barabarani ni ukuta, hoteli, ukuta, hoteli, na vijia vya kuteremkia ni vya kutafuta. Siku ya Idi watu wote wa mjini wajazana pale Pirates, ufukwe wa umma wa Bamburi, kwa sababu mlango uko wazi. Msije mkadhani maneno ya sheria peke yake yatawatosha.

Mchangiaji wa Kunduchi

Mnawasema wenye kuta kama vile wote walijenga kwa uchoyo. Mimi nimekulia hapa. Bahari inakula. Afrikana, tunapopaita hivyo hadi leo, palikuwa na hoteli na mawimbi yakaiangusha. Watu wamechimba mchanga wa kujengea kwenye vijito miaka nenda rudi, mchanga ambao ungeshuka kulisha ufukwe, na miamba ikapigwa baruti. Maziwe uliyoisifia ilikuwa na miti ya mivinje. Leo maji yakijaa fungu lote linazama, na mayai ya kasa wanaotaga pale yanahamishiwa Ushongo ili yasioze. Ukimwambia mwenye nyumba avunje ukuta, unamwambia aache nyumba iende na maji. Na hiyo mita 60 yenu inapimwa kutoka bahari ya mwaka gani?

Mleta mada

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote humu, nami sitaki kuipita haraka.

Sijasema kuta zivunjwe. Palipo na nyumba nyuma yake, ukuta ubaki. Ninachotaka ni ngazi. Ukuta wa bahari unaweza kujengwa na ngazi za zege kila baada ya umbali fulani, na juu yake njia ya kupita, na anayebanwa na maji akapanda. Kibali cha kujenga au kukarabati ukuta kitolewe kwa sharti hilo. Ni gharama kwa mwenye nyumba, sikatai, lakini ukuta wake nao unamgharimu jirani: wimbi likigonga zege linarudi na mchanga wa mbele yake, na nguvu inayobaki inakwenda kumla asiye na ukuta pembeni. Watu wa Kunduchi mnalijua hilo kuliko mimi.

Kuhusu mita 60, ndiyo, mstari unasogea, na ndiyo sababu naona vibaya kutegemea mita peke yake. Kiwanja kilichokuwa halali miaka thelathini iliyopita leo kinaweza kuwa kimelowa. Njia ikichorwa kutoka barabarani hadi maji yanapopwa, bahari ikisogea njia inafupika tu, haki inabaki. Mchanga wa vijitoni nao usimamiwe, maana bila hivyo tutakuwa na njia nzuri za kwenda kwenye ufukwe uliokwisha liwa.

Mbezi na Msasani itakuwa kazi ya polepole, kiwanja kwa kiwanja, na fidia itakuwa kubwa. Ninaowahofia zaidi ni Kimbiji na Pemba Mnazi, huko Kigamboni, ambako matangazo ya viwanja vya kando ya bahari yanazidi. Huko bado njia inapatikana kwa mstari mmoja wa kalamu. Wewe unayetaka kununua, kabla hujalipa, omba mchoro wa mipango miji na uangalie kama kuna njia inayofika majini. Kama haipo, iulizie kwenye mkutano wa mtaa kabla bikoni, zile alama za mipaka, hazijawekwa. Mwenye mchoro wa huko tayari, auweke hapa tuutazame pamoja.